Risasi Juu ya Paa: Maungio ya Nyumba za Kale za Uingereza

Paa la vigae ni nadra kuvuja katikati. Maji hupenya pale paa linapokutana na kitu kingine: ukuta unaopanda juu yake, dohani inayolitoboa, au dirisha lililochomoza darini. Katika nyumba za kale za Uingereza maungio hayo huzibwa kwa kanda za bamba la risasi. Upande mmoja wa ukanda hulala juu ya vigae. Upande wa pili huchomekwa ukutani, katika mfuo uliochimbwa kati ya kozi mbili za matofali, ili maji yanayoteremka ukutani yatue juu ya risasi yasipate njia ya nyuma.

Metali hii ina tabia zinazoifaa kazi hiyo. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za sentigredi, hivyo moto wa kuni unatosha. Ikiwa baridi, hupigwa kwa nyundo ya mbao ikafuata kila kona bila kukatika. Mvua na hewa huifanya ijivike utando wa kijivu unaoizuia isiendelee kulika. Ila ina kasoro moja kubwa: jua likiipiga hutanuka zaidi ya mara mbili ya chuma, na usiku ukiingia hunywea, lakini kwa ulaini wake hairudi sawasawa ilivyokuwa. Ikibanwa isicheze, hutuna, hukunjamana na mwisho hupasuka. Sehemu kubwa ya historia ya kukarabati mapaa haya ni habari za mafundi waliolijua jambo hilo na wengine waliolisahau.

Warumi waliivamia Britania mwaka 43, na kufikia mwaka 49 mikuo ya risasi yenye muhuri wa kaisari ilikuwa ikitoka katika vilima vya Mendip. Bwawa kuu la mji wa Bath lilitandikwa mabamba ya risasi ambayo yamo hadi leo. Baada ya Warumi, metali hii ilishikwa na kanisa. Mwanahistoria Bede, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 8, anamtaja Eadberht, askofu wa Lindisfarne, aliyeondoa matete katika kanisa lake na kulivika mabamba ya risasi, paa na kuta pia. Karne nyingi zilizofuata, risasi ilibaki mali ya makanisa, monasteri na majumba ya wafalme. Nyumba za watu wa kawaida ziliezekwa kwa nyasi na mabua, na moshi ulijitafutia njia juu. Palikuwa na maungio machache ya kuziba, na fedha za kuyaziba zilikuwa chache zaidi.

Bamba la zama hizo lilimwagwa juu ya mchanga, na namna ya kulitengeneza inastahili kuelezwa. Mafundi waliandaa meza ndefu yenye kingo, wakaijaza mchanga uliolowa kidogo, wakausawazisha na kuushindilia mpaka uso wake ukawa laini. Risasi iliyoyeyushwa ilimwagwa kwa mkupuo mmoja kutoka kichwani mwa meza. Hapo hapo watu wawili, mmoja kila upande, waliukokota ubao juu ya kingo wakisukuma ziada mbele kabla haijaganda. Nafasi iliyokuwa kati ya ubao na mchanga ndiyo iliyoamua unene. Kuchelewa kidogo tu kulitoa bamba lenye mawimbi, na bamba hilo lilirudishwa chunguni bila hasara kubwa. Kwa kuwa risasi ni nzito kusafirisha na nyepesi kuyeyusha, kazi yote ilifanywa kando ya jengo lenyewe: bamba lililochakaa liliteremshwa, likayeyushwa, likamwagwa upya na kupandishwa tena. Juu ya mapaa ya makanisa ya kale bado zinaonekana alama za viatu ambazo watu walizichora kwa ncha ya kisu kwa kuzungushia nyayo zao, na ndani yake wakatia herufi za majina na mwaka.

Mafundi wa risasi wa London walipata kanuni za chama chao mwaka 1365, na hati ya mfalme mwaka 1611. Mabomba ya maji nayo yalikuwa ya risasi, ndiyo maana fundi wa paa na fundi bomba walikuwa mtu mmoja kwa karne nyingi.

Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry VIII alizivunja monasteri, na risasi ya mapaa yake ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuondolewa. Mahali pengi mbao za kanisa lenyewe ndizo zilizotumika kama kuni za kuiyeyushia. Majengo yaliyobaki wazi yaliporomoka zaidi kwa mvua kuliko kwa nyundo.

Lililoipeleka risasi kwenye nyumba za kawaida ni hofu ya moto. Katika karne ya 16 dohani za matofali zilienea, na kila dohani ilileta ungio jipya pande zake nne. Kisha mwaka 1666 moto uliiteketeza London, na risasi ya paa la kanisa kuu la St Paul ikayeyuka na kutiririka mitaani. Sheria ya mwaka 1667 iliagiza nyumba za mji zijengwe kwa matofali au mawe. Sheria ya mwaka 1707 ilipiga marufuku mapambo ya mbao kwenye ukingo wa paa, na ukuta wa mbele ukapandishwa ukapita paa. Ile ya mwaka 1774 ilikaza zaidi masharti ya kuta zinazotenganisha nyumba na nyumba. Moto ukishika nyumba moja, ukuta ulisimama kati yake na jirani. Lakini kila ukuta uliotokeza juu ya vigae ulihitaji kuzibwa ubavuni, na maji yaliyokuwa yakidondoka barabarani sasa yalinaswa nyuma ya ukuta wa mbele, yakahitaji mfereji. Nyumba nyingi za safu za London zilipewa paa lenye bonde katikati, maji yote yakiteremkia kwenye mfereji mmoja wa risasi uliofichika. Mpita njia haoni paa hata kidogo. Mwenye nyumba naye hajui hali yake mpaka dari ya chumbani ianze kuota doa.

Wakati huohuo bamba lenyewe lilikuwa likibadilika. Katika miaka ya 1670 kampuni ya London ilianza kutengeneza risasi iliyobanwa kati ya rola nzito za chuma, nyembamba na yenye unene mmoja pote. Jeshi la majini liliijaribu kwenye matumbo ya meli, likaiacha baada ya kuona vyuma vya usukani vinalika kwa kasi. Mafundi wa bamba la mchanga waliipinga vikali juu ya mapaa, na hoja yao haikuwa ya wivu peke yake, kwani bamba jembamba huchoka mapema. Hata hivyo kufikia karne ya 19 mashine ilikuwa imeshinda. Unene ulihesabiwa kwa ratili katika kila futi moja ya mraba, na hesabu hiyo ndiyo asili ya namba zinazotumika mpaka sasa: namba 4 ina unene wa milimita 1.80, na namba 5 milimita 2.24.

Dohani ndiyo inayopima ustadi wa fundi. Mbele, upande wa chini wa mteremko, huwekwa vazi la risasi linaloshuka juu ya vigae. Ubavuni, vipande vidogo hupishanishwa na kila kigae, kisha juu yake ukanda hukatwa ngazi kwa ngazi kufuata kozi za matofali. Nyuma, maji yanapojigonga, hutengenezwa mfereji mfupi. Kwenye kila ngazi fundi huikuna chokaa ya zamani kwa kina cha milimita 25 hivi, hukunja ukingo wa risasi na kuuingiza, huukaza kwa kabari ndogo za risasi, kisha huziba kwa chokaa. Kipande kimoja hakizidishwi mita 1.5. Kingine hupandishwa juu yake bila kulehemiwa, ili kila kimoja kitanuke peke yake.

Si kila mjenzi alilipia kazi hiyo. Nyumba nyingi za kupangisha za karne ya 19 zilizibwa kwa tuta la chokaa tu kati ya kigae na ukuta, baadaye kwa saruji. Nyingine zilipewa zinki, ambayo ni rahisi kwa bei lakini huchakaa mapema zaidi. Tuta la saruji hupasuka kwa sababu paa la mbao hutikisika na ukuta hautikisiki. Ufa mwembamba hufyonza maji, na mbao zilizo chini yake huoza polepole bila mtu kujua.

Ukarabati mbaya nao una historia yake. Bamba refu lililopasuka lililehemiwa ufa wake likawa gumu pale pale, likapasuka hatua moja mbele. Wengine walilipaka lami, ambayo hukauka, hukatika na kuficha kasoro. Wengine walipigilia misumari pande zote mbili, yaani waliifunga metali isiyopaswa kufungwa. Chama cha kuhifadhi majengo ya kale kilichoanzishwa na William Morris na wenzake mwaka 1877 kilishikilia kwamba jengo litunzwe kwa matengenezo ya mara kwa mara, na mafundi wa leo wanaofuata mkondo huo huondoa ukanda uliochoka wote, hukuna maungio bila kukata tofali, na kuziba kwa chokaa laini kuliko tofali lenyewe. Risasi mpya hupakwa mafuta maalumu siku hiyohiyo, la sivyo mvua ya kwanza huchora michirizi myeupe juu ya vigae.

Vumbi na moshi wa risasi ni sumu, na maji ya mvua yaliyopita juu yake hayafai kunywewa. Paa la Notre-Dame mjini Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, mamia ya tani za risasi ziliyeyuka na vumbi lake likatua mitaa ya jirani. Pamoja na ubishi mkubwa, paa jipya lilivikwa risasi tena. Uingereza, shida ya karibu zaidi ni wizi. Bei ya metali ilipopanda katika muongo wa kwanza wa karne hii, mapaa ya makanisa yalichunwa usiku, na mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya kuzuia vyuma chakavu visinunuliwe kwa fedha taslimu. Sasa yapo mabamba ya alumini na ya mpira yasiyo na thamani kwa mwizi, na kwenye nyumba mpya yanakubalika. Kwa majengo yaliyolindwa kisheria, mara nyingi maofisa wa uhifadhi hutaka risasi irudishwe. Ile iliyotolewa huuzwa kwa uzito, huyeyushwa na kubanwa upya kuwa bamba.