Waranti ya Keja: Jua Miezi Yako Inaanza Kuhesabiwa Lini

Waranti ya nyumba ni ahadi kwamba kitu kikiharibika baada ya kununua, kuna mtu atakitengeneza. Kule Marekani watu hulipia ya mwaka mmoja: friji ikizima, unaita kampuni, unalipa ada ya fundi, wanashughulikia.

Huku Kenya hiyo si kawaida. Ukinunua keja mpya, kinga yako ni kipindi cha kurekebisha kasoro kilichoandikwa kwa mkataba, mara nyingi miezi 6. Ukuta ukipasuka ama paipu ivuje, developa anarudi kutengeneza bila kukuitisha doo. Ikiisha, jipange.

Sasa cheki hapa: mikataba mingine huhesabu miezi tangu mjengo ukamilike, si siku umepewa funguo. Ukinunua mwezi wa 5, umebakisha mmoja tu! Mwambie wakili wako aitishe ianze na funguo.

Ukiingia, fungua kila mfereji, washa kila stima, piga picha, kisha peleka orodha kwa maandishi. Simu pekee haitoshi.

Na keja ya mkono wa pili? Kawaida unaichukua vile iko, so enda na fundi wako kabla usaini.