Jua, Dawa na Hadhari

Mtu asimamaye katika njia za Majengo, mjini Mombasa, wakati wa adhuhuri katika mwezi wa Machi au wa Oktoba, akitazama chini hukiona kivuli chake kimejikunyata miguuni pake. Mji huu uko kiasi cha digrii nne tu kusini ya ikweta, na mara mbili kwa mwaka jua hupita juu kabisa ya utosi. Wenyeji wamelizoea, na nyumba zao za Kiswahili zimejengwa kwa kulijua: baraza mbele chini ya upenu, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Jua huanika nguo na kukausha samaki, wala hapana amwambiaye mwenzake kuwa ni adui.

Hata hivyo, iko dawa ambayo mtu akiisha kutiwa mwilini, jua hilo hilo humgeukia kama moto. Ni dawa ya baadhi ya saratani, na ajabu yake ni kwamba haifanyi kazi mpaka imulikwe. Insha hii yaeleza jinsi wanadamu walivyoifikia, na kwa nini hadhari zake si nyongeza tu ya dawa, bali ni sehemu ya dawa yenyewe.

Kuchanganya dawa na mwanga si fikira ya jana. Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Malaga katika Andalusia akafa Dameski mwaka wa 1248, aliandika habari za mmea uitwao kwa Kiarabu atrilali. Mbegu zake zilitumiwa kutibu barasi, yaani mabaka meupe ya ngozi: mgonjwa alikula dawa, kisha akakaa juani. Miaka 700 baadaye, mwaka wa 1948, daktari wa Misri, Abdel Monem El Mofty, alitangaza matokeo ya kutibu ugonjwa huo kwa kitu kilichotolewa katika mmea ule ule. Wazee wa kale hawakujua sababu, lakini waliona kwa macho yao kwamba dawa bila jua haikutosha.

Sababu ilianza kutafutwa kwa njia ya sayansi huko Munich, Ujerumani. Katika baridi ya mwaka wa 1897 na 1898, mwanafunzi wa udaktari, Oscar Raab, akisimamiwa na mwalimu wake Hermann von Tappeiner, alikuwa akipima jinsi rangi iitwayo akridini inavyowaua vijidudu vya majini viitwavyo paramesia. Matokeo yake yalimsumbua. Kipimo kilikuwa kile kile, lakini siku moja vijidudu vilikufa upesi, na siku nyingine vilidumu. Mwanafunzi mvivu angalisema amekosea, akaacha. Raab aliuliza ni kitu gani kilichobadilika, akagundua kwamba ni mwanga. Rangi peke yake haikuviua upesi, wala mwanga peke yake, vilipokutana, viliua. Habari hizo zilichapishwa mwaka wa 1900, na mwaka wa 1903 von Tappeiner na mwenzake Jesionek walikwisha kujaribu kupaka rangi ya eosini juu ya vivimbe vya ngozi na kuvimulika.

Sasa twafika kwa mtu astahiliye kukumbukwa na kila mwanafunzi. Daktari wa Kijerumani, Friedrich Meyer-Betz, alitaka kujua kama hematoporfirini, rangi itokanayo na damu, yaweza kumdhuru binadamu kama ilivyowadhuru wanyama. Hakumchukua maskini wala mfungwa amjaribu. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1912 alijidunga mwenyewe miligramu 200 za kitu hicho. Alipotoka nje akapigwa na jua, uso na mikono yake ilivimba, na maumivu yakawa makali. Kwa muda wa miezi kama miwili aliendelea kudhurika kwa mwanga. Mafunzo mawili yalipatikana kwa mateso hayo: dawa ya namna hii hukaa mwilini siku nyingi, na anayeibeba hana budi kujikinga.

Kazi iliendelea polepole. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Samuel Schwartz na Richard Lipson, waliitengeneza rangi hiyo upya wakaona kwamba hupenda kujikusanya katika vivimbe. Mwaka wa 1978 Thomas Dougherty na wenzake, katika hospitali ya saratani ya Roswell Park mjini Buffalo, walitangaza habari za wagonjwa 25 wenye vivimbe 113 vya ngozi au vilivyo karibu na ngozi. Katika hivyo, 111 vilipungua au vilitoweka. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana dawa iitwayo porfima sodiamu, ijulikanayo kwa jina la biashara la Photofrin. Serikali ya Kanada iliiruhusu mwaka wa 1993 kwa saratani ya kibofu cha mkojo, na Marekani mwaka wa 1995 kwa wagonjwa ambao umio wao umezibwa na saratani. Jambo hili la pili latuhusu sana, kwa kuwa saratani ya umio ni miongoni mwa zile zinazowaua watu wengi katika Kenya na nchi jirani.

Yafanyaje kazi? Mgonjwa hudungwa dawa katika mshipa, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake. Kisha hungojewa saa 40 hadi 50. Katika muda huo dawa huondoka katika sehemu nyingi za mwili, lakini husalia katika kivimbe. Ndipo daktari hupitisha uzi mwembamba wa kioo mpaka penye ugonjwa, akamulika kwa mwanga mwekundu. Mwanga huo huiamsha dawa, nayo huigeuza oksijeni iliyo karibu kuwa kali, ikaziharibu chembe za saratani na mishipa midogo inayozilisha. Palipomulikwa ndipo palipopigwa.

Lakini dawa husalia pia katika ngozi, na ngozi haichagui mwanga wa daktari ikaukataa wa jua. Hiyo ndiyo asili ya madhara yajulikanayo zaidi: wekundu, uvimbe, kuwashwa, na malengelenge kama ya mtu aliyeungua. Macho nayo huumizwa na mwanga mkali. Aliyetibiwa umio huweza kupata maumivu ya kifua, homa, taabu ya kumeza, na baadaye njia ya chakula ikawa nyembamba. Tena zipo dawa nyingine, kama tetrasaiklini, ambazo nazo huifanya ngozi iogope jua. Kwa hiyo mgonjwa apaswa kumwambia daktari kila dawa anayoitumia.

Hadhari zenyewe ni hizi. Kwa siku 30 kwa uchache, na kwa wengine hata siku 90 au zaidi, mgonjwa huepuka jua na taa kali zilizo karibu, zikiwamo taa za daktari wa meno. Akitoka huvaa kofia pana, mikono mirefu, glavu, viatu na soksi, na miwani myeusi sana. Mtu aweza kuuliza, "Je, mafuta ya kukinga jua hayatoshi?" La, hayatoshi. Mafuta kama yale yaliyotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino huzuia miali isiyoonekana, na kwa kazi hiyo ni neema kubwa. Dawa hii huamshwa na mwanga tuuonao kwa macho, nao hupenya mafuta hayo.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, nalo ni kujifungia gizani. Mwanga hafifu wa ndani ya nyumba huivunja polepole dawa iliyosalia katika ngozi. Akaaye katika giza tupu huirefusha hatari yake. Siku 30 zikiisha, mgonjwa huweka juani sehemu ndogo ya ngozi, isiyo ya uso, kwa dakika 10. Ikiwa saa 24 zimepita pasipo wekundu, uvimbe wala malengelenge, huanza kutoka kidogo kidogo. Ikiwa yametokea, hungoja majuma mawili zaidi, kisha hujaribu tena.

Liko agizo jingine ambalo msomaji wa pwani alitie moyoni: mgonjwa akisafiri kwenda mahali penye jua kali zaidi, na ajipime upya. Natuchukue mfano wa mzee wa Majengo aliyetibiwa katika nchi ya baridi, akajipima huko katika jua dhaifu, akaona salama. Ashukapo Mombasa, jua si lile. Ndugu na majirani watakuja kumlaki, watamwambia, "Mzee wetu, karibu barazani upate upepo." Asipoijua sababu, ataona haya kukataa heshima hiyo. Asipoeleza, watasema ana kiburi au amerogwa. Lakini akiijua, atawaambia, "Wanangu, tuketi ukumbini, ngozi yangu bado ina dawa," nao watamfungulia mlango wa mbele, watamwekea kiti ndani kidogo, mbali na miali ya jua. Nyumba yake, yenye ukumbi ulio na mwanga wa kadiri, itamfaa mno, mradi tu aelewe.

Hapa ndipo penye uzito wa habari yote. Daktari aweza kuipeleka dawa mahali hasa palipo na ugonjwa, lakini hawezi kurudi na mgonjwa mpaka Majengo akamshikie mwavuli. Kazi hiyo huachiwa mgonjwa, mkewe au mumewe, watoto na jirani zake, nao hawawezi kuifanya kwa maagizo wasiyoyaelewa. Kwa hiyo kumweleza mgonjwa hadhari zake kwa lugha aijuayo vema ni utabibu kamili, sawa na kumdunga sindano.

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Kila neno la onyo lililoandikwa juu ya dawa hii lilipatikana kwa mtu kuumia, na wa kwanza miongoni mwao alijiumiza kwa hiari yake. Sisi tulipewa maarifa hayo bila kuungua. Si vema kuyaacha katika karatasi.