Rogers Aliponyamaza Harvard
Aprili 1952, mwanasaikolojia Carl Rogers aliitwa Harvard, Marekani, awaonyeshe walimu mbinu yake ya kufundisha. Mhadhara hakuleta. Alisoma kakaratasi kafupi tu: anachoweza kumfundisha mtu hakina uzito, kinachombadilisha mtu ni kile anachojigundulia mwenyewe. Kisha akanyamaza, akawaachia mjadala. Ukumbi ukachemka! Wengine wakamwakia, wengine wakakiri kwamba wao pia huwaza hivyo. Rogers hakujitetea, alisikiliza. Nadhani hapo ndipo alikuwa anafundisha, ingawa neno hilo angelikataa. Kitabuni mwake cha 1969, Freedom to Learn, mwalimu anaitwa mwezeshaji.

Mimi niliacha chuo na madaftari yamejaa noti. Ninayemkumbuka ni mhadhiri mmoja aliyetuuliza, "Nyinyi mnaonaje?" halafu akangoja kweli.