Kiatu cha Mtu wa Kazi

Waandishi wa habari za mavazi ya kale ya Pwani hupenda kutaja makubadhi ya ngozi yaliyotiwa nakshi, viatu vya waungwana. Habari za kiatu cha mtu wa kazi, yule asimamaye tangu asubuhi hadi jioni, ni haba. Sisi walimu tu miongoni mwa watu hao. Yatupasa basi tuulize: kiatu cha bei nafuu kilitoka wapi, nayo miguu ilipata nini?

Tuanze na lugha. Neno kiatu ni la Kibantu. Wagikuyu husema kiratu. Sapatu ni neno la Kireno, lugha ya mabaharia waliofika Pwani mwaka 1498. Buti limetoka katika Kiingereza. Mtalawanda ni kiatu cha mti chenye msuruaki wa kubanwa kwa vidole. Kilifaa nyumbani, lakini si kwa kutwa nzima ya kazi.

Kiatu rahisi cha kiwandani kilizaliwa mbali na kwetu. Mwaka 1894, katika mji wa Zlín, ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki, Tomáš Baťa pamoja na kaka yake na dada yake walianzisha karakana ya viatu. Haukupita muda madeni yakawaelemea. Kwa kuwa ngozi ilikuwa ghali, Tomáš akageukia kitambaa cha turubai. Viatu hivyo vyepesi vilipendwa na watu wa kazi. Mwaka 1922, biashara ilipodorora nchini mwake, alishusha bei kwa nusu. Baadaye kampuni yake ilienea duniani, ikajenga kiwanda Limuru, nchini Kenya.

Wakati huohuo mafundi wetu hawakulala. Magari yalipoenea, waliyachukua matairi yaliyochakaa, wakayakata kwa kisu na kuyatia kanda. Hapa Uganda twaita kiatu hicho lugabire. Kenya ni akala. Tanzania ni katambuga. Hakikuwa na kampuni ya kukipa jina moja, kwa hiyo kila nchi ilikibatiza kwa ulimi wake.

Twaona basi kwamba turubai la Zlín na tairi la fundi wa kando ya njia ni ndugu: vyote viwili ni watoto wa uhaba. Lakini tusisahau kwamba unafuu wa bei si unafuu wa mguu. Tairi hudumu miaka, ila ni zito na halipindiki kwa wepesi. Wahenga walisema, rahisi inavunja upishi. Mwenye kusimama kutwa na atafute kiatu kinachopinda penye vidole, kinachoshika kisigino, chenye nafasi mbele. Tena akijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kazi. Kiatu cha namna hiyo hupatikana hata katika mitumba, kwa mwenye subira ya kuchagua.

Twawaomba walimu wenzetu wawape wanafunzi zoezi hili: kila mmoja amwulize mzee wa kwao alivaa nini alipoanza kazi, kiliitwaje, na kilimgharimu nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wazee wetu walikilalia, na majina wanayoyakumbuka hayajaingia yote katika kamusi.