Solomon Carter Fuller na Ugonjwa wa Uzee Uliowahi

Katika Kiswahili, mzee aliyeanza kusahau majina ya wanawe na kuuliza jambo lile lile mara kwa mara husemwa kuwa amerudi utotoni. Usemi huo wauhesabu upotevu wa akili kuwa ni sehemu ya uzee, si maradhi. Kama ni uzee au ni maradhi, ndilo swali lililowashughulisha waganga wa Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini. Miongoni mwa waliolichunguza kwa hadubini, badala ya kulikisia, alikuwamo mzaliwa wa Liberia ambaye jina lake halikuingia katika jina la ugonjwa.

Solomon Carter Fuller alizaliwa Monrovia mwaka 1872. Babu yake alikuwa mtumwa katika Virginia, akajinunulia uhuru, kisha akahamia Liberia. Mjukuu alivuka bahari kurudi upande ule ule mwaka 1889, akasoma Livingstone College katika North Carolina, na mwaka 1897 akapata shahada ya uganga katika Chuo Kikuu cha Boston. Aliajiriwa na hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili huko Westborough, Massachusetts, na baada ya miaka miwili akakabidhiwa uchunguzi wa maiti. Kazi hiyo haikuwa na fahari: ni kufungua mafuvu, kukata ubongo vipande vyembamba, kuvitia rangi, kuvitazama na kuvipiga picha.

Mwaka 1904 alikwenda Munich, akapokewa na Alois Alzheimer, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Emil Kraepelin. Wakati huo Max Bielschowsky alikuwa amebuni njia ya kutia rangi kwa chumvi za fedha, na kwa njia hiyo nyuzi zilizomo ndani ya chembe za neva zilitokea nyeusi, wazi kabisa. Juni 1906, Fuller alisoma mbele ya waganga wenzake wa Marekani makala juu ya nyuzi hizo katika wagonjwa wa kaswende ya ubongo, wa ulevi wa siku nyingi, na wazee waliopotewa na akili. Ikachapishwa mwaka 1907. Alzheimer naye alitoa habari za mgonjwa wake mashuhuri huko Tübingen tarehe 3 Novemba 1906. Yafaa tarehe hizi ziwekwe bega kwa bega, si kumnyang'anya mwalimu haki yake, bali kuonyesha kwamba mwanafunzi hakuwa mbeba vyombo tu.

Mgonjwa huyo, Auguste D., aliingia hospitalini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51, akafa mwaka 1906. Wachunguzi wa lugha watapendezwa na jambo moja katika taarifa ile: badala ya kusema kikombe, alisema kimiminia maziwa. Hilo si neno la ovyo. Maana i karibu. Jina ndilo lililotoweka. Mwaka 1910 Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer, huku akikiri kwamba maana yake bado haijaeleweka.

Fuller hakuridhika na jina. Mwaka 1911 alichapisha uchunguzi wa mabaka madogo yaonekanayo katika ubongo wa wazee, na mwaka 1912 akaeleza habari za mgonjwa wake mwenyewe, akazikusanya habari zote zilizokwisha kuchapishwa, na kuifasiri kwa Kiingereza taarifa ya Alzheimer. Katika anwani aliweka majina mawili: ugonjwa wa Alzheimer, na kwa Kilatini senium praecox, yaani uzee uliowahi. Ubishi wote umo katika anwani hiyo. Mwaka ule ule, yeye na Henry Klopp walionya kwamba mabaka na nyuzi zilizosokotana si alama zitoshazo kuutenga ugonjwa huo na mengine. Wala hakukubali upesi rai ya wengi kwamba chanzo ni kukakamaa kwa mishipa ya damu.

Aliondoka Westborough mwaka 1919, akaendelea kufundisha Boston. Kwa miaka mitano alifanya kazi ya mkuu wa idara ya maradhi ya neva pasipo kupewa cheo hicho. Mwaka 1933 mzungu aliyekuwa chini yake alipandishwa kuwa profesa, naye Fuller akajiuzulu. Macho yake yalipofuka mwaka 1944. Alifariki mwaka 1953.

Mwaka 1976 Robert Katzman alitetea kwamba ugonjwa wa wenye umri wa kati na ule wa wazee ni mmoja, na tangu hapo jina la senium praecox likafifia. Lakini mabaka yangali yakionekana katika ubongo wa baadhi ya wazee waliokufa akili zao zikiwa timamu.