Pumzi ya polepole hutuliza mishipa ya fahamu

Mishipa ya fahamu inayoongoza moyo, mapafu na tumbo bila mtu kuamrisha ina matawi makuu mawili: moja huandaa mwili kukabili hatari, jingine huurejesha katika utulivu. Tawi la utulivu hutegemea zaidi mshipa wa vagasi, unaotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni. Mwaka 1921, Otto Loewi alithibitisha huko Graz, Austria, kwa mioyo ya vyura, kuwa mshipa huo hutoa kemikali inayopunguza mapigo ya moyo. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Mtu anapotoa pumzi, mapigo hupungua kidogo. Hivyo kuvuta pumzi kwa sekunde 4 na kuitoa kwa sekunde 6, kwa dakika chache kila siku, husaidia kutuliza mwili. Kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki, kulala saa 7 au zaidi na kuepuka kahawa jioni pia husaidia. Hata hivyo, mwenye hofu au ukosefu wa usingizi kwa wiki kadhaa anapaswa kumwona mganga, kwani pumzi pekee haitibu maradhi.