TAZARA na Lobito: reli mbili, wakubwa wengi, shaba ile ile

Katika taarifa ya habari mnasikia sana maneno "dunia yenye nguzo nyingi". Baadhi yenu mmetuandikia mkitaka tuyafafanue. Kwa lugha ya barazani, maana yake ni kwamba duniani hakuna tena mkubwa mmoja anayeamua kila jambo. Tangu Muungano wa Kisovieti uvunjike mwaka 1991, Marekani ilikaa juu karibu peke yake. Siku hizi ipo China, ipo India, ipo Ulaya, zipo Uturuki na nchi za Ghuba, na kila mmoja anatafuta marafiki na mali.

Ukitaka kuliona hilo bila kusafiri, angalia Tanzania tu. Vipande vya mwanzo vya reli ya kisasa ya SGR, kutoka Dar es Salaam kuelekea Dodoma, vimejengwa na kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi. Sehemu ya bandari ya Dar es Salaam inaendeshwa na DP World ya Dubai, kwa mkataba wa miaka 30 uliosainiwa Oktoba 2023. Na TAZARA, inayopita Ifakara, Mlimba, Makambako na Mbeya, imerudi mikononi mwa Wachina.

Hapa kwenye TAZARA tukae kidogo, maana wengi wanadhani tunaijua hadithi yake yote.

Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe. Shaba ya Zambia ilikuwa inapita kwao kwenda baharini, kwa hiyo Zambia ikajikuta imeshikwa koo. Rais Kaunda na Mwalimu Nyerere walitaka reli ya kutokea Dar es Salaam. Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema reli hiyo haitalipa, na nchi za Magharibi hazikuwa tayari kuigharamia. China, ambayo wakati huo ilikuwa nchi maskini na hata kiti Umoja wa Mataifa haikuwa nacho, ikakubali. Makubaliano yalisainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Mkopo haukuwa na riba. Wapo Wachina waliofia kazini, na makaburi yao yako Gongo la Mboto hadi leo.

Sasa je, China ilifanya kwa huruma tu? Hapana. Mwaka 1971 ilipopigania kiti chake Umoja wa Mataifa, kura za nchi za Afrika ndizo zilizoibeba, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Kila mmoja alipata chake. Kwa maoni yangu hakuna aibu katika hilo, mradi unajua ulichotoa na ulichopewa.

Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, ila haikuwahi kufika huko. Vipuri vilikosekana, injini zikachakaa, malori yakachukua mzigo. Anayeishi kando ya barabara ya Tunduma hahitaji kuelezwa habari za foleni ya malori.

Kilichoirudisha TAZARA mezani ni shaba na kobalti ya Zambia na Kongo, inayohitajika sana kwa nyaya za umeme na betri za magari. Septemba 2024, jijini Beijing, Rais Samia, Rais Hichilema wa Zambia na Rais Xi Jinping walishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya awali. Mwaka 2025 kampuni ya Kichina ya CCECC ikapewa mkataba wa miaka 30, wenye uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4. Hapa msikilizaji tofauti uione vizuri: ya 1967 ilikuwa mkopo wa serikali kwa serikali, lakini ya sasa ni biashara. Kampuni inaingiza fedha zake na itazirudisha kutokana na mzigo.

Wakati huo huo Marekani na Umoja wa Ulaya wanasukuma njia nyingine, ya kutoa shaba hiyo hiyo upande wa Atlantiki kupitia bandari ya Lobito, Angola. Marekani iliahidi mkopo wa dola milioni 553 kwa reli hiyo, na Desemba 2024 Rais Biden alikwenda Lobito mwenyewe. Waliokaa naye mezani ni pamoja na Rais Hichilema, yule yule wa Beijing, na aliyekuwa Makamu wa Rais wa Tanzania, Philip Mpango. Halafu kuna jambo la kuchekesha: reli hiyo ya Angola, baada ya kuharibiwa na vita, ilijengwa upya na kampuni ya Kichina, kazi ikaisha 2014. Leo inaendeshwa na ubia wa kampuni za Ulaya.

Kwa hiyo wakubwa wakigombana, Zambia inakaa na wote wawili. Hiyo ndiyo nafasi ambayo nchi ndogo inaipata katika dunia ya namna hii. Hatari yake ni kwamba anayekuja kwa ajili ya shaba hutazama shaba. Mkulima wa mpunga wa Mlimba anataka kujua kama treni itasimama kituoni kwake na kwa nauli gani, na hilo halijadiliwi Beijing wala Washington. Huamuliwa kwenye vifungu vya mkataba na kwenye usimamizi wa serikali zetu mbili. Mbunge akija kijijini, hilo ni swali halali la kumuuliza.

Jambo moja zaidi ambalo ramani za wanasiasa huliruka. TAZARA, reli za Zambia na Kongo, na ile ya Lobito zote zina upana mmoja, milimita 1,067. Julai 2019 treni ya watalii ya Rovos Rail iliondoka Dar es Salaam na ikafika Lobito, kutoka bahari moja hadi nyingine, bila abiria kubadilisha behewa.